Faji ya chokoleti haitaki kukorogwa muda wote

Kila Krismasi ikikaribia nasikia ile ile, eti faji ya chokoleti ukiacha kukoroga hata kidogo inakuwa na chembechembe kama mchanga. Jamani, ni kinyume kabisa. Faji ni peremende laini ya sukari, maziwa, siagi na kakao tu, na huo mchanga ni sukari yenyewe imerudi kuwa fuwele, na kinachoiamsha mapema ni mwiko wako.

Koroga mwanzoni mpaka sukari iyeyuke yote. Ikianza kuchemka toa mwiko, futa zile punje zilizoganda pembeni ya sufuria kwa brashi yenye maji, halafu moto mdogo, sufuria nzito, iache ifike nyuzi 114 hivi. Huna kipimajoto? Dondosha tone kwenye glasi ya maji baridi, likifanya kidonge laini kinachobonyea, epua. (Watu wa Nairobi, huko juu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo punguzeni kama 5 au 6, wengi wanapika mpaka inakuwa jiwe halafu wanalaumu kakao.)

Sasa ndo kazi, iache ipoe bila kuigusa mpaka sufuria inashikika kwa mkono, kama nyuzi 45, ndo uipige mwiko kwa nguvu, mkono utauma, mpaka ule mng'ao upotee. Fuwele zinazozaliwa hapa ni ndogo mno ulimi hauzisikii. Imwage haraka kwenye trei, ikishaamua kuganda haikusubiri.