Kwotabeki akitaka kuhama: yanayosemwa na yalivyo

Kila Machi, mwaka mpya wa mikataba wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, unapofunguliwa, naulizwa swali lile lile na ndugu na marafiki wanaoifuatilia kwa mbali. Huyu kwotabeki, mrusha mpira anayeiongoza timu nzima uwanjani, ametamka hadharani kwamba hataki kubaki. Kwa nini klabu isimuuze wakamalizana? Ni swali la haki kabisa. Sisi tumekulia kwenye soka, na ligi ile tunaipima kwa kipimo cha soka. Hapo ndipo tunapomwonea mchezaji.

Dhana: Klabu humuuza, naye hukubaliana na timu mpya.

Ukweli ni kwamba kule hakuna ada ya uhamisho kama tunayoijua. Klabu hubadilishana: mtu kwa mtu, au mtu kwa zamu za kuchagua vijana wanaotoka vyuoni, ndiyo drafti. Mwaka 2021 Matthew Stafford aliomba kuondoka Detroit, akapelekwa Los Angeles Rams. Detroit Lions wakapata kwotabeki Jared Goff, zamu mbili za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya tatu. Stafford akabeba Super Bowl, fainali ya ubingwa wa ligi, Februari 2022, na stori yake ndiyo inayosimuliwa. Mimi humfikiria zaidi Goff, aliyehamishwa ili dili hilo likamilike. Katika soka, mchezaji akikataa maslahi binafsi, dili limekufa. Kule mkataba ndio unaohama, na mchezaji anahama nao. Kama hana kifungu cha kukataa kuhamishwa, na wenye kifungu hicho ni wachache sana, atacheza atakapopelekwa.

Dhana: Amesaini dola milioni 245, basi hizo ni zake.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu ndilo linalomfanya mchezaji aonekane mlafi. Tumwangalie Russell Wilson. Denver Broncos walimchukua kutoka Seattle mwaka 2022, na kabla hajacheza hata mechi moja ya msimu wakamwongezea miaka mitano kwa dola milioni 245. Magazeti yaliandika namba hiyo kwa herufi kubwa. Kilichokuwa na dhamana, hata tukihesabu pesa zinazolindwa endapo angeumia, ni milioni 165. Zilizobaki zilikuwa ahadi ambayo klabu ingeweza kuifuta.

Miaka hiyo mitano ilikuwa ianze 2024, baada ya mkataba wake wa zamani kumalizika. Ndani ya karatasi kulikuwa na tarehe moja ya Machi 2024: akifika siku hiyo akiwa bado kwenye kikosi, dola milioni 37 za msimu wa 2025 zinakuwa zake kabisa. Akiumia vibaya kabla ya hapo akashindwa kupona, klabu ingedaiwa pesa hizo hizo. Desemba 2023, zikiwa zimebaki mechi mbili, aliwekwa benchi akiwa mzima wa afya. Kocha Sean Payton alisema ni uamuzi wa kimpira. Wilson akawaeleza waandishi kwamba wiki kadhaa nyuma, mara tu baada ya kuwafunga Kansas City Chiefs, klabu ilimtaka akubali ile tarehe isogezwe mbele, la sivyo hatacheza tena msimu huo. Machi wakamwacha. Ile miaka mitano haikuanza hata siku moja.

Klabu nayo iliumia, lazima niseme. NFL ina ukomo wa mishahara, dola milioni 255.4 kwa kila timu mwaka 2024, na pesa za Wilson zilizokwisha kuahidiwa ziliendelea kuhesabiwa humo: jumla ya milioni 85 kwa misimu miwili, kwa mtu ambaye hayupo. Mara nyingi hii ndiyo sababu klabu hukataa ombi la kuhama, hata pale mapenzi yalipokwisha. Bonasi ya kusaini hugawanywa kwenye hesabu za miaka mingi; mchezaji akiondoka mapema, kilichobaki huangukia kwenye ukomo kwa mkupuo, au kwa misimu miwili kama ya Wilson.

Dhana: Kama hataki, agome tu.

Agome, lakini kwa gharama. Chini ya makubaliano ya mwaka 2020 kati ya ligi na chama cha wachezaji, aliyekwisha kutoka kwenye mkataba wake wa kwanza hutozwa dola 50,000 kwa kila siku anayokosa kambi ya maandalizi, na klabu hairuhusiwi kumsamehe hata ikitaka.

Carson Palmer alijaribu mwaka 2011, kabla ya kanuni hiyo. Aliwaambia Cincinnati Bengals wamwachie, la sivyo anastaafu. Mmiliki Mike Brown akajibu kwamba mtu alisaini, na saini yake ina maana. Msimu ukaanza Palmer akiwa nyumbani. Kilichomtoa si ombi lake: katikati ya Oktoba kwotabeki wa Oakland Raiders, Jason Campbell, alivunjika mtulinga. Raiders walikuwa taabani, na ndani ya siku mbili wakatoa zamu ya raundi ya kwanza na nyingine ya raundi ya pili. Brown akakubali.

Dhana: Mkataba ukiisha, yuko huru.

Klabu ina haki ya kumbandika mchezaji wake mmoja kile wanachokiita tegi: anabaki mwaka mmoja zaidi kwa malipo yanayopangwa kwa fomula, atake asitake. Machi 2023 Baltimore Ravens walimbandika Lamar Jackson, kwa dola milioni 32.4. Jackson hakuwa na wakala, alijisimamia mwenyewe.

Tarehe 27 mwezi huo kocha wake, John Harbaugh, alikuwa amekaa na waandishi kwenye mkutano wa ligi huko Arizona, akijibu maswali juu yake. Wakati huo huo Jackson akaandika Twitter kwamba tangu tarehe 2 alikuwa ameomba kuhamishwa. Simu za waandishi zikaanza kuwaka mezani.

Tegi yake ilikuwa ya aina inayoruhusu klabu nyingine yoyote kumpelekea mkataba. Ravens wangempa masharti yale yale wabaki naye, au wangemwachia na kupewa zamu mbili za raundi ya kwanza. Klabu 31, na mezani yupo mchezaji bora wa ligi wa mwaka 2019, ana umri wa miaka 26. Haikuja hata karatasi moja. Huenda sababu ni hofu ya dhamana: mwaka mmoja kabla, Cleveland Browns walikuwa wamempa kwotabeki Deshaun Watson dola milioni 230 zenye dhamana yote, na mmiliki wa Ravens, Steve Bisciotti, alisema hadharani kwamba anatamani wasingefanya hivyo.

Aprili 27 Jackson akakubaliana na Ravens: miaka mitano, dola milioni 260, zenye dhamana 185. Msimu huo huo akachaguliwa tena kuwa mchezaji bora wa ligi, akiwa na jezi ile ile aliyoomba kuivua.