Je, Bangi Ina Uhusiano na Ugonjwa wa Akili?

Mitaani husemwa kwamba mvuta bangi mwisho wake ni Mirembe, hospitali ya akili iliyoko Dodoma. Naye mvutaji hujibu kwamba bangi ni majani tu, hayawezi kumdhuru mtu. Kauli ya kwanza imetiwa chumvi, lakini ya pili ndiyo yenye hatari zaidi.

Wavutaji wengi hawapati kamwe ugonjwa mkubwa wa akili. Hata hivyo, utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 1987, uliofuatilia kwa miaka 15 vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini, ulionyesha kwamba waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipata skizofrenia, ugonjwa mkubwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, mara sita zaidi ya wasiovuta. Wakosoaji walidai kwamba huenda baadhi yao walikuwa na matatizo tangu awali, hoja ambayo ina uzito: mambo hayo yalipozingatiwa, tofauti ilipungua sana, ila haikutoweka.

Hatari hutegemea umri wa kuanza, wingi wa uvutaji, historia ya ukoo na nguvu ya bangi yenyewe, yaani kiwango cha THC, kemikali inayolevya na inayougusa ubongo wa kijana ukiwa bado unakomaa. Kwa hiyo anayesikia sauti wasizosikia wenzake, au anayeshikilia kwamba majirani wanamfuatilia, apelekwe hospitali, na daktari aelezwe bila kificho kama anavuta, kwa sababu kuendelea kuvuta huongeza uwezekano wa dalili kurudi hata baada ya matibabu.