Kupiga Picha Kitabu Kizima Si Kuazima

Yameongezeka malalamiko ya wasomaji, wengi wao wanafunzi wa vyuo, kwamba wakutubi wa maktaba za umma jijini Dar es Salaam wanawakataza kutumia simu. Simu haijakatazwa. Kinachozuiwa ni msomaji kukikandamiza kitabu mezani hadi gundi ya mgongo iachie, akikipiga picha ukurasa kwa ukurasa ili jioni akitume katika kundi la WhatsApp la darasa zima.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamruhusu msomaji kunakili sehemu ndogo ya kitabu kwa matumizi yake binafsi. Haimruhusu kunakili kitabu kizima wala kukisambaza. Ulinzi wa hakimiliki hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo utetezi kwamba "mwandishi alishafariki", ambao sisi wakutubi tumeusikia mno, hautoshi, wala hautoshi ule wa kwamba kitabu kimeadimika madukani. Anayekiuka anaweza kushtakiwa na kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili, na bado mwenye haki akamdai fidia. Anayehitaji kurasa chache apeleke kitabu kaunta na kuzitaja. Anayekihitaji chote akiazime kwa utaratibu wa uanachama, isipokuwa vitabu vya rejea, ambavyo haviazimwi.

Mwalimu Nyerere alipofungua Maktaba Kuu ya Taifa katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed tarehe 9 Desemba 1967, kazi kubwa ilikuwa kumfikishia kitabu asiyekuwa nacho. Leo msomaji huja na maandishi tele simuni, mathalani tangazo la ajira lenye nembo ya wizara lakini lisilo na tarehe wala kumbukumbu namba, na kazi ya mkutubi ni kumwelekeza namna ya kulitafutia chanzo chake kabla hajatuma fedha kwa mtu. Wanaodai kwamba intaneti imeziua maktaba aghalabu hutuambia hayo wakiwa wamechomeka chaja zao katika soketi zetu.

Wapigaji picha, kwa haraka yao, huuruka ukurasa wa hakimiliki, nao ndio unaomtaja mchapishaji, mwaka wa toleo na ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu. Mwanafunzi hubaki na kurasa mia mbili asizoweza kuzinukuu kihalali katika tasnifu yake, na wenzake waliotumiwa hawajui hata wanasoma toleo lipi. Unaponakili kurasa unazoruhusiwa, anza na huo wa hakimiliki.