Forodhani hakufanywi

Juzi hoteli moja ya shamba imebandika tangazo: "Ijumaa hii tunafanya forodhani ufukweni." Picha ya chini ni mishikaki na pweza. Nilinyamaza. Jana ndani ya daladala nikasikia, "Siku hizi kila kijiji kina forodhani yake," nikaona sasa basi.

Forodha ni pahala pa serikali pa kukagulia mali inayoingia na kutoka, na kuitoza ushuru. Forodhani ya Mji Mkongwe, Unguja, panapouzwa chakula usiku, ni hapo ilipokuwa forodha. Maana imekwisha.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, furdha. Asili yake ni mkato kwenye ukingo wa maji, pale chombo kinapoweza kuingia. Baadaye likawa bandari, kisha bandari ya kulipia. Mzizi wake ndio uliozaa faradhi, na mwenye jahazi aliyesimama mbele ya karani hakuhitaji kufasiriwa udugu huo. Ushuru nao ni neno la Kiarabu, limetokana na moja ya kumi, ingawa mkataba wa Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, na Marekani wa 1833 ulitaka asilimia 5 tu. Na Sayyid hakukusanya kwa mkono wake. Forodha aliikodisha kwa wafanyabiashara wa Kihindi: nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, na zama za masultani waliomfuata Sayyid akaishika Tharia Topan, yule aliyeanzisha lile jengo la roshani za mbao la Mizingani. Zikipita pembe, sandarusi, karafuu, majora ya merikani. Wakipita na watu: mtumwa alitozwa ushuru kwa kichwa, mpaka biashara hiyo ya baharini ilipopigwa marufuku na soko kufungwa mwaka 1873. Ndiyo maana neno "kufanya" linanikaa vibaya.

Bandari ilipohamia Malindi, mtaa wa hapa hapa mjini, katika miaka ya 1920, pale mbele ya Ngome Kongwe pakabaki wazi, na katikati ya miaka ya 1930 pakafanywa bustani ya kumuenzi mfalme wa Uingereza. Jina la mfalme halikushika. Watu waliendelea kwenda Forodhani, kama wanavyokwenda Darajani na hori limeshafukiwa, daraja halipo. Wachoma mishikaki ni wageni wa jina hili, wamelikuta.

Kinachoniudhi zaidi ni hiyo -ni. Si pambo, ni mahali. Utasema Forodhani pamejaa, Forodhani kuna upepo. "Forodhani nzuri" sijui ni lugha ya wapi. Mkunazini nao ni mtaa wa mjini hapa; mbona hatusikii kijiji chenye mkunazini yake?

Usiku ule ule nikaenda mwenyewe. Kijana anakamua miwa, anaukunja muwa mara mbili na kutia ndimu na tangawizi katikati kabla ya kuurudisha kwenye mashine. Nikamwuliza, "Mwanangu, forodha iko wapi?"

"Bandarini, mzee, kule Malindi." Hata hakunyanyua kichwa.

"Na hapa?"

"Hapa si Forodhani!" Akanitazama kama mtu aliyepotea, akanipa glasi yangu.

Huyo hana kosa hata moja. Wale wa hoteli nao hawana haja ya kulifuta tangazo zima; waandike "chakula kama cha Forodhani", yatosha.