Pikipiki ya Lami Kwenye Njia za Vumbi: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Zipo pikipiki kubwa ambazo kwa kuzitazama tu mtu hudhani zimezaliwa porini: zimenyanyuka, zina kioo cha kukinga upepo, kiti kipana na masanduku ya mizigo ubavuni, ilhali sehemu kubwa ya maumbile yake imekusudiwa barabara ya lami. Suzuki V-Strom 650, ambayo ndiyo ninayoiendesha, ni ya kundi hilo, pamoja na Kawasaki Versys 650 na Honda NC750X. Hapa Kenya waendeshaji wengi wa pikipiki hizi hufika siku wakatamani kuiacha barabara kuu na kuelekea Magadi, Maralal au Loiyangalani, na ushauri wanaoupata kabla ya kuondoka huwa mchanganyiko wa kweli na uvumi. Nimeandika haya kwa sababu baadhi ya uvumi huo huvunja mifupa ya watu.

“Pikipiki ya lami haiwezi kutoka nje ya lami.”

Anayesema hivi amesahau anachokiona kila siku. Vijana wa bodaboda hupeleka abiria, magunia ya mahindi na hata wagonjwa mahali ambapo gari haliingii, nao hutumia Bajaj Boxer na TVS, pikipiki zenye tairi za kawaida na shokapu fupi, ambazo hakuna mtengenezaji aliyezitangaza kuwa za porini. Siri yao ya kwanza ni uzito. Boxer ya cc 150 ina takriban kilo 120, wakati V-Strom 650 yenye tangi lililojaa ina zaidi ya kilo 210 kabla hujaweka sanduku wala hema. Boxer ikiteleza, mwenyewe huweka mguu chini akaizuia. Yangu ikishapita pembe fulani, hakuna mguu wa binadamu utakaoizuia, na anayejaribu huumia goti. Siri ya pili ni kwamba kijana yule ameipita njia ile mara elfu moja na anajua jiwe lilipo. Kwa hiyo pikipiki ya lami hutoka nje ya lami, ila kadiri inavyokuwa nzito ndivyo inavyompunguzia mwendeshaji nafasi ya kukosea.

“Imeuzwa kama pikipiki ya safari, basi itapita popote.”

Hii ni dhana iliyo kinyume cha ile ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo yenye madhara zaidi. Watengenezaji wenyewe hawaiamini. Suzuki huuza V-Strom 800 katika sura mbili zenye injini ileile: ile iitwayo 800DE ina gurudumu la mbele la inchi 21 lenye spoku, shokapu zinazosafiri milimita 220 na kimo cha milimita 220 kutoka ardhini hadi chini ya pikipiki, ile nyingine ina gurudumu la mbele la inchi 19 lenye rimu ya aloi, mwendo wa shokapu wa milimita 150 mbele, na kimo cha milimita 185. Kama jina la ukoo lingetosha, wasingekuwa na haja ya kutengeneza mbili.

Tofauti ya inchi mbili kwenye gurudumu huonekana ndogo mpaka ulikute jiwe. Jiwe la kimo kilekile hulipiga gurudumu dogo juu zaidi, karibu na kifua chake, na gurudumu kubwa hulipiga chini zaidi, karibu na unyayo. Lile dogo husukumwa nyuma au kando, lile kubwa hupanda na kuteremka. Versys na NC750X, zenye inchi 17 mbele, huhisi kila shimo namna hiyo. Kisha kuna suala la tumbo la pikipiki. Kwenye V-Strom 650 chujio la oili na mabomba ya ekzosi yamekaa mbele ya injini, nyuma tu ya gurudumu, pahali ambapo kila kokoto linalorushwa hutua. Bamba la chuma la kukinga eneo hilo si pambo, na ndicho kitu cha kwanza ninachomwambia mtu anunue, kabla ya taa za ziada na kabla ya masanduku.

“Ukiweka tairi za meno makubwa, umemaliza kazi.”

Tairi ndiyo badiliko lenye faida kuliko yote kwa gharama yake, hilo sikatai. Meno makubwa hushika changarawe na udongo mlaini ambapo tairi ya lami huelea. Lakini yapo matope ambayo hayajali meno ya tairi, nayo hayako mbali na Nairobi.

Udongo mweusi wa mfinyanzi unaopatikana Kitengela na nyanda za Kapiti hupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na ukinyeshewa huvimba na kuwa kama gundi. Nilijifunza tabia yake huko Kapiti mchana mmoja wa Aprili, kwenye njia ya ng’ombe iliyokuwa kavu nilipokwenda na iliyokuwa imenyeshewa kwa nusu saa niliporudi. Tairi zangu zilikuwa mpya, za meno makubwa. Hazikuteleza sana, kilichotokea ni kwamba udongo ulipanda na gurudumu, ukajikusanya kati ya tairi na madigadi ya mbele, ambayo kwenye pikipiki za lami hukaa karibu sana na tairi, ukashindiliwa humo tabaka juu ya tabaka mpaka gurudumu likaacha kuzunguka kabisa. Nilikuwa nikiendesha mwendo wa mtu anayetembea, kwa hiyo nilianguka polepole. Nilipoinyanyua pikipiki nikaanza kuisukuma, nayo ikaburuta gurudumu la mbele kama jembe. Nikavuta mafuta zaidi, nikasikia harufu ya klachi.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa amejikinga chini ya mgunga akanijia na kijiti mkononi, akasema, “Mzee, tope hili halisukumwi, linachokolewa.” Alichokoa upande mmoja, nami nikachokoa wa pili, kisha nikafungua bolti za madigadi na kuifunga juu ya mizigo. Kilomita tatu zilizobaki zilinichukua zaidi ya saa moja. Tangu siku hiyo mimi huiacha madigadi nyumbani au nabadilisha njia mvua inapokaribia, na mara nyingi zaidi hubadilisha njia, kwani udongo ule ukikauka kwa jua la siku moja hupitika bila shida yoyote.

“Jaza upepo kwa wingi ili usipate pancha.”

Tairi ngumu hupokea ncha ya jiwe kwa eneo dogo, hukatika kwa urahisi zaidi kuliko tairi inayobonyea, na hudunda badala ya kushika ardhi. Kwenye lami pikipiki za ukubwa huu hutumia takriban PSI (kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi) 33 mbele na 36 hadi 42 nyuma, kutegemea mzigo. Kwenye changarawe mimi hushusha hadi 26 au 28. Kwenye mchanga mzito mtu anaweza kwenda hadi 20 akiendesha polepole. Mipaka ipo, na inategemea rimu. Rimu ya aloi ikigonga jiwe huku tairi ikiwa laini hujipinda au hupasuka, kwa hiyo penye mawe, kama yale ya volkano yaliyotandaa kuelekea Ziwa Turkana, siendi chini ya 25.

Hapo ndipo wengi hudai kwamba rimu za spoku ni bora siku zote. Spoku huvumilia kipigo, na rimu yake iliyojipinda fundi anaweza kuinyoosha. Hata hivyo nyingi hutumia tyubu, na pancha ya tyubu porini maana yake ni kuvua gurudumu, kubandua tairi kwa vyuma na kutia tyubu upya, kazi ya saa nzima juani. Tairi isiyo na tyubu huzibwa kwa utambi wa mpira bila hata kulivua gurudumu, dakika kumi ukiwa na pampu. Mwenye rimu za aloi asijione mnyonge kwa sababu hiyo, bali aendeshe akijua kitakachovunjika kwake ni kipi.

“Ukisimama kwenye vikanyagio unashusha kitovu cha uzito.”

Hata waendeshaji hodari husema hivi, lakini hesabu yake haikubali: mwili wako ukiinuka, kitovu cha uzito wa jumla kinapanda. Kusimama kuna faida kwa sababu nyingine. Magoti na viwiko vinakuwa shokapu ya pili, pikipiki inaweza kuyumba chini yako bila kukubeba nayo, macho yanaona mbali zaidi, na unaweza kuuhamisha mwili mbele au nyuma kwa haraka. Sababu iliyo sahihi ina umuhimu wake, kwa kuwa anayeamini ile potofu husimama akiwa amekaza miguu na kuning’inia kwenye usukani, na hapo hapati faida hata moja. Pia si lazima kusimama safari nzima. Kwenye tope la mwendo mdogo, ambapo mguu unaweza kuhitajika chini wakati wowote, kukaa ni salama zaidi kwa wengi wetu. Pikipiki nyingi za lami zina usukani wa chini, na anayesimama hulazimika kuinama mpaka mgongo unauma. Vipande vya kuuinua kwa sentimita mbili au tatu huondoa tatizo hilo.

“Usiguse breki ya mbele nje ya lami.”

Breki ya mbele hubakia kuwa yenye nguvu kuliko ya nyuma hata kwenye vumbi. Kinachobadilika ni mkono: kidole kimoja au viwili, kwa kubana taratibu, na kamwe si wakati usukani umekatwa. Breki za kuzuia gurudumu lisijifunge, yaani ABS, ndizo zinazohitaji kufahamika mapema. Kwenye mteremko wa kokoto legevu mfumo huu unaweza kuachia breki mara kwa mara kiasi kwamba pikipiki inaendelea kuteremka kana kwamba hujaibana. Pikipiki nyingine zina kitufe cha kuuzima mfumo huu upande wa nyuma; V-Strom 650 haina. Usisubiri korongo likufundishe. Tafuta mteremko mfupi wa changarawe karibu na nyumbani, teremka kwa gia ya kwanza, ujue pikipiki yako inasimama kwa umbali gani.

“Kaza springi ya nyuma ili iwe ngumu kwa ajili ya mizigo.”

Kile kirungu kinachozungushwa kwenye shokapu ya nyuma hakibadilishi ugumu wa springi. Hubadilisha tu kimo ambacho pikipiki hukaa ikiwa na mzigo. Ukikaza unairudisha nyuma ya pikipiki juu ili usukani uendelee kufanya kazi ipasavyo, na hilo ni jambo jema. Mzigo ukizidi uwezo wa springi, hata hivyo, shokapu itagonga mwisho wake hata ukikaza namna gani, na dawa yake ni springi nyingine au mizigo michache. Mimi huanza na mizigo. Masanduku ya alumini huongeza uzito yakiwa matupu, na mguu ukiteleza chini huku pikipiki ikisonga mbele, sanduku hukanyaga ugoko kutoka nyuma. Mifuko laini hubonyea.

“Kwenye mchanga na kwenye barabara ya mgongo wa bati, dawa ni kasi.”

Nusu ya kauli hii ni kweli. Mchanga huliachia gurudumu la mbele linapokuwa jepesi, na kuvuta mafuta kidogo huhamisha uzito nyuma. Anayefunga mafuta ghafla hujikuta usukani umezama. Vilevile, yale mawimbi ya udongo yaliyolala kukata barabara hutikisa kidogo zaidi ukifikia mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, kwa sababu tairi hupita juu ya vilele bila kushuka mabondeni. Nusu iliyobaki ndiyo husahauliwa: tairi isiyogusa ardhi haina breki wala kona. Barabara ya kilomita 208 iliyoboreshwa kutoka Laisamis kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana ni pana na inavutia kasi, lakini upande huo kuna upepo mkali wa ubavuni, na changarawe hukusanyika katikati ya alama za magari. Mtu aliyezoea kilomita mia tano za lami kati ya Isiolo na Moyale anaweza kuingia hapo akiwa bado na mwendo wa lami mwilini.

Kuhusu laga, yaani mikondo ya mito ya msimu, na mito yenyewe, maneno machache yanatosha. Tembea ndani ya maji kwa miguu yako kwanza. Maji yaendayo kasi yanayofika magoti yanaiangusha pikipiki hata kama injini iko juu yake, na laga kavu inaweza kujaa kwa mvua iliyonyesha mbali ambayo hukuiona. Injini ikizimika majini usibonyeze tena kitufe cha kuiwasha kabla ya kufungua plagi, kwani maji hayabanwi kama hewa, na mkono wa pistoni ndio hupinda.

“Ukifika lami, safari imekwisha.”

Tairi zilizopunguzwa upepo hupata joto kali kwenye lami na kuyumba kwenye kona, kwa hiyo pampu hutumika mara mbili: unapoiacha lami na unapoirudia. Kagua mnyororo, spoku kama unazo, bolti za kishikilio cha mizigo, na chujio la hewa. Baada ya siku ile ya Kapiti niliosha nilichokiona, nikaridhika. Siku nne baadaye, kwenye msongamano wa Barabara ya Mombasa, feni ya injini iliwaka na haikuzima, na kipimo cha joto kikaendelea kupanda. Nilisimama kando ya barabara, nikachungulia nyuma ya gurudumu la mbele. Rejeta, ile inayopoza maji ya injini, ilikuwa imezibwa nusu nzima na udongo mweusi, uliokauka ukawa tofali.