Ngome ya Karlštejn: si yote ni ya karne ya 14

Wengi wanaotazama picha za Karlštejn, mji mdogo wa soko nchini Ucheki, huamini kwamba ngome iliyo juu yake imebaki vilevile tangu enzi za wafalme. Ni rahisi kuamini hivyo, maana mapaa yake marefu yanaonekana ya kale kabisa.

Ujenzi ulianza mwaka 1348, kwa amri ya mfalme wa Bohemia. Baadaye ngome ikawa hazina ya vito vya ufalme na masalia matakatifu. Mahali palifaa: vilima vya mawe ya chokaa kando ya mto Berounka, kusini-magharibi mwa Praha. Mwaka 1422 ilistahimili kuzingirwa kwa miezi kadhaa.

Lakini kati ya 1887 na 1899 ilikarabatiwa upya. Mafundi walijenga mapaa na sehemu za juu za kuta kwa namna walivyoamini zilikuwa zamani. Kwa hiyo sura ile ya kwenye kadi za posta ni, kwa kiasi kikubwa, ya karne ya 19. Ndani ndiko kwenye utajiri wa kweli: kanisa dogo la Msalaba Mtakatifu bado lina michoro karibu 130 ya karne ya 14, iliyochorwa kwenye mbao.

Ukitaka kuhakikisha, tafuta michoro ya ngome hii ya kabla ya 1887, uilinganishe na picha za leo. Anza na mapaa. Tofauti utaiona mwenyewe.