Skii za masafa kwenye mteremko wa mashine: yanayosemwa na yalivyo

Theluji ikiwa haba Ulaya, njia za msituni za skii za masafa, zile mbao ndefu nyembamba za kuendea mbali juu ya theluji, hubaki majani na tope. Weupe unasalia kwenye miteremko ya vituo vya milimani tu, mahali ambapo mashine humwaga theluji usiku kucha. Hapo ndipo kijana wa Unguja au Pemba anayesoma au kufanya kazi huko huambiwa na wenzake: "Chukua skii zako, twende tukapande kule." Kabla hajatoka, kuna maneno ya barazani ya kunyoosha.

"Skii ni skii tu."

Majirani zetu Wakenya wamekwisha kutuonyesha kwamba sivyo. Philip Boit alishindana kilomita 10 za masafa kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamngoja mstarini amkumbatie. Sabrina Simader, mwaka 2018 huko Pyeongchang, alishindana kushuka mlima. Bendera moja, lakini vyombo viwili, kama ngalawa na jahazi.

Skii ya masafa ya njia iliyochongwa mifereji kwenye theluji ina upana wa milimita 45 hivi. Kiatu chake ni chepesi, kimeshikwa kwenye vidole tu, kisigino kinanyanyuka. Ya mlimani mara nyingi huzidi milimita 70, kisigino kimefungwa, na pembeni ina kingo za chuma. Kingo hizo ndizo zinazong'ata sehemu ngumu. Asiye nazo anateleza kwa ubavu hata akiwa hodari. Zipo pia skii za masafa pana kidogo zenye kingo za chuma, na kwa mteremko wa mashine hizo ndizo za kuazima.

"Theluji ya mashine ni kemikali, au barafu iliyosagwa kama ya kuwekea samaki."

Ni maji na hewa iliyoshindiliwa, vinapulizwa juu vikawa matone madogo, yakaganda kabla ya kufika chini. Lita 1,000 za maji hutoa mita 2 za ujazo za theluji, au zaidi kidogo. Baadhi ya vituo huongeza protini ya bakteria ili matone yawahi kuganda. Vyengine haviitumii kabisa.

Wengi hudhani baridi peke yake inatosha. Mfikirie mtungi: maji yake hupoa kwa sababu kidogo kinafuka nje ya udongo, na siku ya hewa kavu yanapoa zaidi kuliko siku ya masika. Tone la mashine nalo ni vivyo hivyo. Kwa hiyo waendeshaji hawatazami kipimajoto cha kawaida, hutazama kile kilichofungwa kitambaa kibichi, na hutaka kisome kama nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 40, kipimo hicho hufikiwa hata joto likiwa nyuzi 1 juu ya sifuri. Usiku wa ukungu, nyuzi hiyo hiyo 1 haitoi kitu ila maji.

"Pakiwa peupe, nta yoyote itashika."

Nta hupakwa chini ya skii za masafa ili zishike theluji unaposukuma, na hili ndilo linalowaangusha wengi. Theluji mpya ya mbinguni ni laini, ina ncha ndogo zinazochoma nta na kukupa pa kusukumia. Chembe ya mashine ni duara na ngumu, na mita moja ya ujazo hufika kilo 400 hadi 500, ilhali theluji mpya haizidi 100 hivi. Nta ngumu haipati cha kushika, na chembe hizo huikwangua upesi kama msasa. Dawa yake ni klista, nta ya majimaji inayonata kama ulimbo. Ipake nyembamba chini ya unyayo, kuanzia kisigino kwenda mbele sentimita 50 hivi, uisambaze ikiwa na uvuguvugu, kisha uache skii zipoe nje kabla ya kukanyaga. Ukizidisha, itaokota theluji na utatembea na visiki. Skii zenye magamba ya kuchongwa, ambazo hazitaki nta, huteleza kwenye barafu hii.

"Mlima ni wa Mungu, anayepanda kwa miguu yake haulizwi."

Anaulizwa. Vituo vingi vina njia na saa za wapandaji, na vyengine vinakataza kabisa. Uliza ofisini kwao kwanza. Kanuni za shirikisho la kimataifa la skii, FIS, zinamtaka anayepanda ashike ukingo wa njia. Theluji ikiwa haba, watu wote wamebanana kwenye utepe mmoja mweupe, kwa hiyo ukingo huo ni mwembamba.

Usiku ndio mbaya zaidi. Mashine za kusawazisha theluji hufungwa mlimani kwa waya wa chuma unaoweza kufika mita 1,000, unaolala kisha kukazika ghafla. Gizani hauonekani, na umeshaua watu.

Upandaji wenyewe ni kama chombo kinachopiga bisho: mshazari, geuka, mshazari. Pakiinuka, ncha nje na visigino ndani, alama zitoke kama mwiba wa samaki. Pakiwa barafu tupu, bandika chini ya skii ngozi za kupandia, ambazo manyoya yake hulala upande mmoja kama ya paka.

"Kupanda ndiyo kazi, kushuka ni mapumziko."

Kwa skii za masafa ni kinyume chake. Austria na Ujerumani, njia ya buluu, yaani nyepesi, huruhusiwa mwinuko hadi asilimia 25, na kwa skii zisizo na chuma hiyo tayari ni kali. Kufunga breki kwa kukutanisha ncha kunafaa pakiwa laini. Asubuhi, barafu ikiwa bado haijaguswa na jua, unakwangua tu bila kusimama. Vuka mshazari, simama, geuka, vuka tena. Ikishindikana, vua, shuka kwa miguu ukingoni. Ila uzishike vizuri: skii za masafa hazina breki ya kujikita kama za mlimani, na ikikuponyoka moja itashuka peke yake hadi kwenye watu walio chini.